Wasifu wa Martinus Beijerinck, Mtaalamu wa Vijidudu

Soma kwa makini wasifu ufuatao, kisha jibu maswali.

Martinus Willem Beijerinck alizaliwa tarehe 16 Machi 1851 katika jiji la Amsterdam, nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku. Martinus alipokuwa bado mdogo, biashara hiyo ilifilisika na baba akawa karani wa reli. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba tumbaku, zao lililoirudisha familia nyuma, ndilo lingekuja kumpa mtoto huyo jina duniani.

Akiwa mwanafunzi wa sekondari mjini Haarlem, Beijerinck alipenda mno kuchunguza mimea. Mwaka 1869 alijiunga na Chuo cha Ufundi cha Delft kusomea kemia, kisha akaendelea na masomo mjini Leiden. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1877 baada ya kuchunguza uvimbe unaotokea kwenye mimea iliyoshambuliwa na wadudu.

Katika miaka hiyo alikuwa akifundisha kwenye shule ya kilimo ya Wageningen. Mtaalamu mwenzake, Adolf Mayer, alikuwa akichunguza ugonjwa wa batobato wa tumbaku. Majani ya mmea mgonjwa hupata mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka, na mkulima hupata hasara. Mayer alithibitisha kwamba utomvu wa mmea mgonjwa ukitiwa kwenye mmea mzima, nao huugua. Alidhani chanzo ni bakteria. Beijerinck alitafuta bakteria hao kwa hadubini lakini hakuwaona.

Mwaka 1885 aliacha kufundisha akaajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft. Huko alijizatiti katika elimu ya bakteria. Mwaka 1888 alifanikiwa kuwatenga na kuwakuza bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Wanasayansi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mimea hiyo hufaidika na naitrojeni ya hewani. Kazi ya Beijerinck iliwaonyesha viumbe wanaohusika. Ndiyo maana mfugaji anayepanda klova au lusini hupata faida mbili: malisho yenye protini nyingi kwa mifugo yake, na rutuba kwa shamba lake.

Mwaka 1895 Beijerinck alirudi kwenye Chuo cha Ufundi cha Delft akiwa profesa. Lile fumbo la tumbaku lilikuwa bado linamsumbua. Alichukua utomvu wa majani yenye batobato akaupitisha kwenye kichujio cha kauri chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya. Utomvu uliochujwa uliendelea kuambukiza. Mrusi Dmitri Ivanovsky alikuwa ametangaza jambo hilohilo mwaka 1892, lakini aliendelea kuamini kwamba chanzo ni bakteria. Beijerinck, ambaye hakuwa na habari za kazi hiyo, baadaye alikiri kwamba Ivanovsky alimtangulia.

Tofauti yao ilikuwa katika hitimisho. Beijerinck aliona kwamba utomvu kidogo uliambukiza mmea mmoja, na utomvu wa mmea huo ukaambukiza mwingine, bila nguvu yake kupungua. Sumu ya kawaida ingeisha nguvu kwa kugawanywa hivyo. Kwa hiyo kitu hicho kilikuwa kinazaliana. Hata hivyo, hakikukua kwenye chakula cha kukuzia bakteria. Kilizaliana ndani ya mmea ulio hai tu, hasa kwenye sehemu changa zinazokua. Mwaka 1898 alitangaza kwamba hicho si bakteria bali ni kitu cha aina nyingine, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya sumu: virusi.

Wengi hawakukubaliana naye, na yeye mwenyewe hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliamini kwamba virusi ni kimiminika. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alipata fuwele za virusi vya batobato ya tumbaku, na mwaka 1939 hadubini ya elektroni ilionyesha kwamba ni chembechembe zenye umbo la fimbo.

Beijerinck alikuwa mtu mkali. Wanafunzi waliofanya uzembe maabara walimwogopa. Hakuoa, na aliishi na dada zake wawili. Alistaafu mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 70, akahamia kijiji cha Gorssel. Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1931.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, ugonjwa wa batobato wa lusini ulielezwa kuwa unasababishwa na virusi. Virusi hivyo huenezwa na vidukari wanaofyonza utomvu, na pia hupitia kwenye mbegu. Lusini hukaa shambani kwa miaka kadhaa, hivyo mmea mmoja mgonjwa huweza kuwa chanzo cha maambukizi msimu baada ya msimu. Mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya shambani. Njia iliyobaki ni kinga: kupanda mbegu safi, kutumia aina zenye ustahimilivu na kung'oa mimea mizee yenye ugonjwa. Ushauri huo unatokana na ukweli alioutambua Beijerinck, kwamba virusi huzaliana ndani ya chembe hai tu. Mtu huyo mmoja alitufungulia njia ya kumjua rafiki wa jamii ya kunde mizizini na adui wake majanini.

Maswali

1. Kwa nini baba yake Beijerinck aliacha biashara ya tumbaku?
2. Mayer na Beijerinck walitofautianaje kuhusu chanzo cha batobato ya tumbaku?
3. Eleza hoja mbili zilizomfanya Beijerinck aamini kwamba chanzo cha ugonjwa si sumu ya kawaida wala bakteria.
4. Taja kosa moja la Beijerinck na ueleze lilivyosahihishwa.
5. Mfugaji amegundua batobato kwenye shamba lake la lusini. Mshauri hatua tatu za kuchukua.
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: utomvu, fumbo, hitimisho, ustahimilivu.
7. Fupisha aya ya sita na ya saba kwa maneno yasiyozidi 60.

Angalizo: Katika swali la 3, usisimulie jaribio zima. Mtahini anataka hoja, yaani alichokiona na kilichomfanya aamini hivyo.