Beppo na Anga ya Malindi

Giuseppe Occhialini, aliyeitwa Beppo na rafiki zake, alizaliwa Fossombrone, Italia, mwaka wa 1907. Wakati wa vita, akiwa Brazili, mwanafizikia huyu aliishi kwa kuwaongoza wapanda milima. Alikuwa amefanya utafiti na Blackett huko Cambridge. Baada ya vita akaungana na Powell huko Bristol. Wenzake hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli, mmoja mwaka wa 1948, mwingine 1950. Yeye aliachwa, uamuzi ulio mgumu kuutetea. Alifariki Paris mwaka wa 1993.

Setilaiti iliyorushwa Aprili 1996 ilipewa jina lake, BeppoSAX. Kila ilipokamilisha mzunguko, iliteremsha data zake katika kituo cha Malindi. (Msomaji wa Kenyenya, aliye mbali na bahari, naye ana fungu katika habari hii.) Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miali ya gama, na baada ya saa nane hivi ikauona ungali uking'aa kwa eksirei. Kwa mara ya kwanza wanaastronomia wakajua mahali pa kuelekezea darubini. Katika milipuko iliyofuata, waliipambanua eksirei kwa nishati yake, wakitafuta alama ya chuma katika gesi iliyoizunguka. Alama walizodai kuziona zingali zinabishaniwa. Setilaiti yenyewe ilianguka Aprili 2003.