Maisha ya Bwana Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame, na Mwalimu Wake

Katika kitabu hiki cha yubilei twataka kuwapa wasomaji wetu, na hasa walimu, habari za mtu mmoja wa nchi yetu aliyeishika kazi ya kuchora tangu ujana wake. Huyo ni Bwana Sam Ntiro, Mchaga, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, chini ya mlima Kilimanjaro. Wala habari zake hazifahamiki vema tusipomtaja na yule aliyemlea katika kazi hiyo, yaani Bibi Margaret Trowell.

Bibi Trowell alikuwa Mwingereza, mke wa daktari, na kuchora alijifunza London katika chuo cha Slade. Kwanza walikaa Kenya, hata mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 akaanza kufundisha watu wachache barazani pa nyumba yake huko Mulago, na kutoka baraza hiyo kikatokea chuo cha sanaa cha Makerere. Katika miaka ya vita alikabidhiwa pia Nyumba ya Makumbusho ya Uganda, akawa mtunzaji wake. Basi ngoma, vikapu, vyungu na nguo za magome ya miti vikawa mikononi mwake. Akaona ya kuwa watu ambao wazee wao walifanya vitu vizuri namna hiyo hawana haja ya kuanza kwa kuiga picha za Ulaya.

Bwana Ntiro alifika Makerere mwaka 1944. Desturi ya Bibi Trowell ilikuwa kuwasimulia wanafunzi jambo, nao waliona moyoni kwanza, ndipo washike brashi. Bwana Ntiro akachora aliyoyajua: migomba ya kwao, watu wakifanya kazi pamoja, na mlima nyuma yao. Alipomaliza masomo mwaka 1947 hakwenda mbali. Tangu 1948 akafundisha hapo hapo pamoja na mwalimu wake.

Lakini wako waliomlaumu Bibi Trowell, wakidhani ya kuwa anawaficha wanafunzi elimu ya Ulaya kwa kupenda mno mambo ya kale. Lawama hii si nyepesi, maana anyimwaye elimu amedhulumiwa. Basi mwaka 1952 Bwana Ntiro alikwenda Slade, chuo kile kile alichosoma mwalimu wake, akakaa miaka mitatu. Huko aliona namna zote za wachoraji wa Ulaya. Hata hivyo, aliporudi picha zake zilikuwa zile zile: rangi zenye kung'aa, watu wadogo wengi, wala hakuna aliyetukuzwa kupita mwenziwe. Sasa hapana awezaye kusema ya kuwa alichora hivyo kwa kutojua. Alijua, akachagua.

Mwaka 1958 Bibi Trowell akaondoka Uganda, na chuo kikapata mkuu mwingine mwenye njia nyingine. Bwana Ntiro hakuiacha yake. Mwaka 1960 nyumba kubwa ya sanaa za kisasa ya New York ilinunua picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1961 akapelekwa London kuwa balozi wa Tanganyika, akakaa huko mpaka 1964. Kisha akarudi, akashughulikia mambo ya utamaduni serikalini, akafundisha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bibi Trowell alifariki mwaka 1985, naye Bwana Ntiro mwaka 1993.

Nasi tulio Ibadakuli tuna watoto wanaochora ng'ombe na mibuyu kwa makaa ukutani. Mwalimu akikuta ng'ombe mwenye pembe ndefu kupita kiasi, asikimbilie kuifuta. Amwulize mtoto kwanza aliona nini, kisha amfundishe yote ajuayo, bila kumficha neno. Na mwisho amwache achague mwenyewe.