Daktari wa Durban Aliyehesabu Nyumba

Wengi wetu tulishangaa tulipokwenda kliniki mara ya kwanza hapa Marekani. Umekuja na kikohozi, muuguzi anauliza nyumbani mnaishi wangapi na wiki hii mmekula nini. Wengine tuliona ni udadisi tu. Wiki hii tunasimulia maisha ya Sidney Kark, mmoja wa watu walioanzisha uulizaji wa namna hiyo.

Alizaliwa Johannesburg mwaka 1911, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mkewe Emily alikuwa daktari pia, nao walifanya kazi pamoja maisha yao yote. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Sidney alishiriki kupima lishe ya wanafunzi Waafrika nchini mwake. Alikuta watoto wenye dalili za njaa wameketi darasani, si hospitalini.

Mwaka 1940 Sidney na Emily walifungua kituo cha afya Pholela, vijijini Natal, pamoja na Edward Jali, msaidizi wa tabibu, na mkewe Amelia, muuguzi. Bila hao wawili, tunadhani, milango mingi isingefunguka.

Hawakukaa kusubiri wagonjwa. Daftari la hospitali humjua anayefika. Anayefia nyumbani halimjui. Basi walichora ramani, wakachagua eneo la nyumba kama 130, wakaingia moja baada ya nyingine kuuliza nani anaishi hapa, nani amezaliwa, nani amekufa, chungu kinapika nini. Kila mwaka walirudi kuuliza tena na kuongeza nyumba nyingine.

Chukueni habari ya maziwa. Wajawazito walikuwa na lishe duni, lakini kwa desturi mwanamke aliyeolewa hakutumia maziwa ya ng'ombe wa ukoo wa mumewe. Daktari mwenye haraka angewaita wakaidi. Wao waliuliza hadi wakaelewa kwamba desturi ilihusu ng'ombe wa ukoo, wala haikugusa maziwa ya unga. Wakaleta ya unga, na wanawake wakayanywa pasipo kumkosea mkwe yeyote. Wazee nao walipoulizwa walieleza kwamba zamani watu hawakutegemea mahindi peke yake, kwa hiyo bustani za mboga hazikuonekana kuwa jambo la kigeni. Katika miaka kama 8, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 275 kwa kila 1000 hadi karibu 100.

Katikati ya miaka ya 1940 kazi hiyo ilipelekwa Durban. Sidney aliongoza taasisi iliyofundisha wauguzi, madaktari na wahudumu wa afya, wakijifunzia katika mitaa yenyewe, Lamontville ukiwa mmojawapo. Baadaye alifundisha pia katika shule ya udaktari iliyofunguliwa mjini humo kwa wanafunzi wasio Wazungu. Lakini serikali ya ubaguzi haikupenda kazi ya namna hii. Fedha zilipungua, wenzake wakaanza kuondoka, na mwaka 1958 yeye na Emily wakahama. Taasisi ikafungwa. Walipitia North Carolina, kisha wakaanza upya Jerusalem, tena kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Sidney alifariki mwaka 1998.

Kabla hawajahama, mwaka 1957, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alifika kujifunza Pholela na Lamontville. Aliporudi kwao alishirikiana na wenzake kuanzisha vituo vya afya vya jamii, kwanza Boston mwaka 1965, kisha Mound Bayou, Mississippi. Kutoka hapo vikaenea nchi nzima, na baadhi ya familia zetu hutibiwa katika vituo vya aina hiyo, kwa malipo yanayolingana na kipato. Kule Mound Bayou, watoto walipoletwa wakiwa wamedhoofika kwa njaa, madaktari waliandika chakula kwenye karatasi ya dawa. Mama aliipeleka dukani, akapewa maziwa, mboga na nyama, na bili ikaenda kituoni.