Mohamed Amin

Mohamed Amin (Nairobi, 29 Agosti 1943 - Komori, 23 Novemba 1996, maarufu kwa jina la Mo) alikuwa mpiga picha za habari na mtengenezaji wa filamu kutoka nchini Kenya.

Familia yake ilikuwa na asili ya Punjab. Alikulia Dar es Salaam, akaanzisha huko kampuni ya Camerapix mwaka 1963. Mwaka uliofuata alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alifungwa visiwani humo karibu mwezi mmoja, kisha akahamia Nairobi.

Kazi iliyomjulisha duniani ni filamu ya njaa ya Ethiopia. Oktoba 1984 alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Filamu ilirushwa tarehe 23 Oktoba. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona kwenye televisheni, akawakusanya wenzake kurekodi wimbo wa Band Aid. Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid. Amin hakuwahi kuwa mtu wa muziki, lakini nyimbo hizo zilianzia kwenye kamera yake.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mnasa sauti wake, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia.

Alifariki katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa. Inasimuliwa kwamba hadi mwisho alikuwa amesimama akijadiliana na watekaji.