Michael Faraday, mtoto wa fundi chuma aliyepima namna umeme unavyopaka metali

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa mji wa London, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi chuma mwenye afya mbaya, na pesa nyumbani zilikuwa haba. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo, masomo yakaishia hapo. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa George Riebau, mwenye duka la vitabu, ajifunze kufunga vitabu kwa miaka 7. Vile alivyopewa kushona, alivisoma pia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mwenye jina kubwa, katika Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayafunga kuwa kitabu cha kurasa karibu 300, akamtumia Davy mwenyewe na kuomba kazi. Nafasi haikuwapo. Ilipatikana mwaka 1813, msaidizi wa laboratwari alipofukuzwa juu ya kupigana. Faraday akaingia: shilingi 25 kwa juma, vyumba viwili, makaa na mishumaa.

Mwanafunzi alipoanza kumpita mwalimu, urafiki uliharibika. Mwaka 1824 Davy, aliyekuwa mkubwa wa Royal Society, alipinga Faraday asiingizwe humo. Aliingia hata hivyo, kwa kura moja tu ya kumkataa.

Kazi inayowagusa mafundi wa kupaka fedha, nikeli ao kromu aliifanya mwaka 1833 na 1834. Watu walijua tayari kama umeme wa betri unatoa metali ndani ya maji yenye chumvi yake. Luigi Brugnatelli, wa mji wa Pavia, alikuwa amepaka dhahabu medali za fedha tangu 1805. Lakini walifanya kwa kubahatisha. Faraday alipima. Aliona kama metali inayoshikamana inafuata kiasi cha umeme uliopita: umeme ukiwa mara mbili, metali nayo mara mbili, beseni liwe kubwa ao dogo. Na kila metali ina kipimo chake. Ampea 1 ikipita saa 1 inaweza kuweka gramu 1.2 hivi za shaba, lakini za fedha ni gramu 4.

Hesabu hiyo ndiyo inaongoza pia viwanda vya Likasi na Kolwezi, ambako umeme unatoa shaba ndani ya maji ya asidi na kuishikamanisha kwenye bamba za katodi. Jina katodi lenyewe ni la wakati ule: Faraday, ambaye hakusoma Kigiriki, alimwomba William Whewell wa Cambridge amsaidie kutafuta majina.

Kuna jambo lingine lisilosemwa sana. Mwanzoni mwa 1833 aliona kama barafu nyembamba inazuia umeme ambao maji yanapitisha. Akajaribu chumvi kavu, kama kloridi ya risasi. Ikiwa ngumu, hakuna kitu. Ikiyeyushwa kwa moto, umeme unapita na risasi inatoka, bila tone la maji. Shida ilikuwa ule moto. Mwaka 2003 wanakemia wa chuo kikuu cha Leicester walionyesha njia nyingine: kloridi ya kolini, inayotiwa katika chakula cha kuku, ikichanganywa na urea, mbolea ya shamba, poda hizo mbili zinageuka majimaji hata kwa digrii 12. Katika majimaji ya namna hiyo wamepaka zinki, shaba, hata kromu bila ile kromu ya sumu inayoleta kansa. Ni mazito, kwa hiyo umeme unapita polepole. Hesabu ya gramu inabaki ile ya Faraday.

Pesa za upakaji zilienda kwingine. Mwaka 1840 familia ya Elkington, ya mji wa Birmingham, ilipata hati ya kupaka fedha na dhahabu kwa sayanidi, ikatajirika. Faraday alikuwa ameacha kazi za kulipwa na makampuni ili abaki katika laboratwari. Alikataa cheo cha Sir, akakataa mara mbili kuongoza Royal Society. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867, katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria, akazikwa Highgate mbele ya watu wachache.