Stevenson katika Visiwa vya Bahari ya Kusini

Robert Louis Stevenson alizaliwa Edinburgh, mji wa Uskoti, siku ya 13 Novemba 1850. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga minara ya taa, ile inayowaonyesha mabaharia miamba wakati wa usiku. Alitaka mtoto wake aifuate kazi hiyo. Lakini Robert alikuwa mwembamba kama fito, na mara nyingi alitema damu. Alipenda kuandika tu. Mwaka 1883 kitabu chake juu ya kisiwa chenye hazina kilimpa jina kubwa. Jina alilipata, afya hakuipata.

Basi akaamua kutafuta nchi za joto. Siku ya 28 Juni 1888 aliondoka San Francisco, Marekani, pamoja na mama yake, mke wake na mtoto wa mke wake. Walipanda Casco, merikebu ya matanga yenye milingoti miwili. Ninyi mliokwisha kuona mitumbwi ya tanga katika ziwa Tanganika, msifikiri safari ya siku mbili tatu: karibu mwezi mzima hawakuona nchi kavu. Kiisha wakafika visiwa vya Marquesas, halafu Fakarava, kisiwa chembamba kama pete, chenye maji ya chumvi katikati. Huko Stevenson akashikwa na mafua, na walipofika Tahiti alikuwa karibu kufa.

Wakampeleka kwa gari la farasi mpaka kijiji cha Tautira. Binti mmoja wa ukoo wa kifalme, jina lake Moe, alimhurumia. Akamlisha samaki wabichi waliotiwa ndimu na tui la nazi. Mgonjwa akapata nguvu. Chifu wa kijiji, Ori, akawapa nyumba yake mwenyewe.

Wakati huo mabaharia waliutazama mlingoti mkubwa wa Casco. Nje ulionekana mzima. Ndani ulikuwa umeoza. Dhoruba moja tu ingaliwaua wote! Merikebu ikaenda Papeete kutengenezwa, ikakawia sana. Chakula cha wageni kikaisha, na fedha pia. Ori akamhesabu Stevenson kuwa ndugu yake, wakabadilishana majina. Kisha akaingia chomboni, bahari ikiwa mbaya, akaenda Papeete kuleta habari na vyakula. Stevenson, mtu wa maneno mengi, alilia tu.

Siku ya Noeli wakatweka matanga tena, na mwezi wa Januari 1889 wakafika Honolulu. Mwezi wa Mei Stevenson alikwenda Molokai, kisiwa cha wenye ukoma. Padri Damiano, yule Mbelgiji aliyewatunza, alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Stevenson akacheza na wasichana wagonjwa, akawapelekea piano. Mchungaji mmoja alipomsingizia Damiano, Stevenson, ingawa hakuwa Mkatoliki, alichapisha mwaka 1890 barua kali ya kumtetea.

Mwisho alijenga nyumba Samoa. Wenyeji walimwita Tusitala, maana yake mwandishi wa hadithi. Machifu wao walipofungwa, aliwapelekea chakula gerezani. Walipofunguliwa mwaka 1894, wakamlimia barabara mpaka nyumbani kwake, bila kutaka mshahara.

Alikufa siku ya 3 Desemba mwaka ule ule, mwenye umri wa miaka 44. Alikuwa ametaka kuzikwa juu ya mlima Vaea, lakini njia haikuwako. Wasamoa wakachukua mashoka na mapanga, wakafyeka msitu, na kesho yake wakampandisha mabegani mwao.