Maisha ya Profesa Abdus Salam

Marehemu Profesa Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926, akalelewa katika mji mdogo wa Jhang, Punjab, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliupita mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha Punjab kwa alama ambazo hazijapata kuonekana. Aliporejea nyumbani kwa baiskeli, mji mzima ulitoka kumlaki.

Mwaka 1946 alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma hesabu na fizikia. Mwaka 1951 akarudi Lahore kusomesha, kwa nia ya kuwatumikia watu wake. Lakini huko hakumpata mtu wa fani yake wa kushauriana naye, na wakuu wa chuo wakampa kazi ya kuangalia timu ya kandanda. Ikambidi kuchagua baina ya nchi yake na ilimu yake. Mwaka 1954 akarudi Uingereza kwa masikitiko.

Jambo hilo hakulisahau. Mwaka 1964 alianzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia, ili mwanachuoni wa nchi masikini akae huko miezi michache, azidishe ilimu, kisha arejee kwao. Asilazimike kuhama kama alivyohama yeye.

Mwaka 1974 yeye na John Strathdee waliikuza nadharia ya supasimetria, isemayo kuwa kila chembe ya maada ina mwenziwe. Wenza hao hawajaonekana bado, lakini hesabu zake hutumiwa sana na wataalamu wa nadharia ya nyuzi. Mwaka huo huo bunge la Pakistan lilibadili katiba, likawatoa Waahmadiyya, naye akiwa mmoja wao, katika hesabu ya Waislamu. Akajiuzulu ushauri wa serikali, lakini uraia wake hakuuacha.

Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Fungu lake lote akalitoa kwa wanafizikia wa nchi zinazoendelea.

Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Pakistan. Kituo chake leo chaitwa kwa jina lake, na mwaka 2018 taasisi iliyo mshirika wake ilifunguliwa Kigali, Rwanda. Basi kijana wa Afrika ya Mashariki aweza sasa kuisoma fani hiyo pasipo kuvuka bahari.